Aliyewasha Joto Saa Kumi na Moja

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi. Usiniulize kama nilikuwa nimechoka pia, maana kazi hii haimchoshi anayeijua, na mimi naijua. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mawili, huko Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, saa kumi na moja ya jioni, nikiwa na betri mbili mkononi. Zikumbuke hizo betri.

Mimi ni mwanamke wa Bukavu, na ni fundi wa mitambo ya joto hapa Brussels. Ndiyo, mwanamke. Wateja wakifungua mlango huchungulia nyuma yangu wakimtafuta fundi, nami nawaacha watafute. Nikilisikiliza boila dakika moja nakwambia ugonjwa wake, na sijawahi kushindwa na boila hata moja. Najisifu? Najisifu. Usipoisifu kazi yako nzuri unamngoja nani?

Basi, Ijumaa moja ya majira ya baridi, Patient akanipigia simu. Patient tunasali naye kanisa moja. Mama yake, Maman Nabintu, ni mjane anayeishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilimkuta kijana ananingoja mlangoni, ufunguo mkononi, uso umemkunjamana.

"Tantine, nimechoka," aliniambia. "Kila mangaribi nyumba inakuwa baridi, Maman anavaa koti, anakaa tu. Nikimuuliza, anasema ngoja, Papa yako atawasha. Na saa kumi na moja, kweli, chaudière, ile boila, inawaka! Donc ni yeye anashuka mu cave, kule chini ya nyumba, kubonyeza-bonyeza, na ule muguu yake mubaya. Ataanguka mu ngazi. Nimefunga cave, nimebeba clé. Na bado inawaka!"

"Labda ni mashine," nilisema.

"Mafundi batatu bamekuya, bote banasema mashine iko bien. Weye ukisema vile vile, basi Maman ana clé ingine anaficha, na kichwa yake imeanza kupotea. Nimeshamupatia chambre kwenye nyumba ya bazee. Lundi anaenda."

Akanipa ufunguo, akaenda kuwachukua watoto wake shuleni. Umeelewa? Neno langu moja tu, na mama wa watu Jumatatu analala mahali asipopachagua.

Maman Nabintu alinipokea kwa mikono miwili, amevaa koti kweli. Sebule yake ilikuwa kama sebule zetu zote: vitambaa vya kufuma juu ya televisheni, juu ya redio, juu ya kila kitu. Juu ya kabati palikuwa na picha ya marehemu, mbele yake mshumaa unawaka ndani ya glasi, na kando ya mshumaa, juu ya kitambaa chake chenyewe, thamostati. Ilionyesha digrii ishirini na tatu. Nikatoa kipimo changu begini, nikakiweka katikati ya chumba. Kumi na tano.

Nilicheka peke yangu. Sikiliza nikufundishe. Thamostati ya aina hii haina waya. Ina vipande viwili: kimoja unakaa nacho chumbani, kinapima joto, kingine ni kipokezi, kimefungwa kule chini karibu na boila. Cha juu kikihisi baridi, kinakiagiza cha chini kwa redio: washa. Lakini hakiijui nyumba, kinajua pale kilipokaa tu. Na hiki kilikaa kando ya moto! Kinasema joto tele, huku mwenye nyumba anatetemeka. Wale wenzangu watatu, Maman aliniambia, walikuja asubuhi, na yeye huwasha mshumaa saa kumi, giza likianza kuingia. Hata kuuliza hawakuuliza.

"Maman, kwa nini uliiweka hapa?"

"Muzee yangu alikuwa anasikia baridi sana," alijibu. "Nikaona, acha achague degré yeye mwenyewe."

Niambie, katika kitabu gani cha ufundi kosa hilo limeandikwa? Ni lazima uwe mtu wa kwetu ulione.

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akaniangalia. "Baridi umenielezea, mutoto yangu. Na moto ya saa kumi na moja?"

Nilimwambia labda kipokezi kinasikiliza thamostati ya jirani, maana hutokea. Nikazitoa betri za thamostati ili nivifungamanishe upya vipande viwili, nikazishika kiganjani, nikafungua kufuli la cave, nikashuka.

Kipokezi kilikuwa ukutani, taa nyekundu inapepesa. Maana yake hakimsikii mtu yeyote. Vizuri. Nikachuchumaa kufungua begi. Nyuma yangu nikasikia mtu anashuka ngazi polepole, anahema. Alikuwa baba mmoja mwenye koti zito na kofia ya sufu. Nilidhani ni mzee wa familia ambaye sikutambulishwa. Nikiwa kazini naangalia mabomba, siangalii nyuso.

"Bonsoir, Papa."

Akaitika, akanipita, akabonyeza kitufe kidogo pembeni mwa kipokezi, kile cha kuwasha kwa mkono. Taa ikawa ya kijani. Boila likaunguruma. Niamini, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu, maana kitufe kile hata mafundi wengine hawakijui.

"Kila siku nashuka," alisema. "Ile bougie anawasha juu ya kunikumbuka miye, njo inamuletea baridi. Nitamuacha aje? Lakini ngazi ni mingi, mufundi. Bale batatu hawakuona. Weye umeona. Weye ni mufundi ya kweli."

Kunikumbuka miye. Maneno hayo yalinifikia kwa kuchelewa. Nilipoinua kichwa palikuwa na ngazi tupu. Boila linaunguruma, na zile betri mbili ziko kiganjani mwangu, zimelowa jasho. Nani aliagiza moto? Niambie wewe.

Nilipanda mbio, sioni haya kulisema. Mabomba yalikuwa yameanza kugonga. Maman ameketi, mkono juu ya radieta ya ukutani iliyokwisha kupata joto, anatabasamu. Hakuniuliza nimeona nini.

"Alikuwa amevaa koti?"

"Amevaa, Maman. Na kofia."

"Anahema?"

"Anahema. Anasema ngazi ni nyingi."

Kisha akakaa wima. "Muzee yangu!" alisema, kama mama anayetangaza diploma ya mwanawe. "Miaka trente-huit ya ndoa, hajaniacha na baridi hata siku moja. Mpaka leo!" Halafu machozi yakamtoka. Akainuka kwa shida, akaichukua thamostati kabatini, akanikabidhi. "Tafutia hii nafasi ingine. Apumzike."

Niliifunga kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na mlango, mbali na radieta, bila kitambaa. Mshumaa tuliuacha palepale mbele ya picha.

Patient aliporudi nilimpa karatasi yenye sahihi yangu: kosa limepatikana, Maman hana kosa. Akasoma, akauliza, "Na moto ya saa kumi na moja?"

Ningeweza kutunga jibu, na jina langu lingebaki safi. Lakini fundi anayeficha chanzo cha hitilafu ni tapeli tu. "Papa yako alikuwa anabonyeza kwa mkono," nilimwambia. "Nimemuona."

Alinitazama. Akautazama ufunguo niliomrudishia, ambao kwa wiki nzima haukutoka mfukoni mwake mpaka siku ile.

"Si nilikuambia?" Maman alisema.

Kijana alikwenda akautundika ufunguo wa cave kwenye msumari wake wa zamani. Jumatatu ikaja, ikapita, na Maman alilala kitandani kwake.

Tangu hapo ni majira mawili ya baridi. Sebule ya Maman ina digrii ishirini kila jioni, na saa kumi na moja hakuna kinachowaka bila amri. Mimi nami, kabla ya kugusa kipokezi chochote, huisalimia kwanza cave: bonsoir. Vijana ninaofanya nao kazi hunicheka. Wacheke. Nina vyeti viwili ukutani, na cha tatu nilipewa chini ya ngazi na mtu asiye na sababu ya kunipendelea.

Na wewe unayenisikiliza, leo ukifika nyumbani angalia thamostati yako imekaa wapi. Marehemu wako mwashie mshumaa, ni haki yake, lakini usiviweke pamoja. Utadhani unamkumbuka, kumbe unamtuma kazi.