Kalamu ya Koti Jembamba

Mafuta ya nazi ya akina mama wa kijiji cha Kanga yamethibitika kuwa safi, mnunuzi ameyachukua yote, na katika ushindi huo nami nilikuwemo. Ngoja niseme nilivyokuwemo.

Shule niliiacha mapema, lakini nikiona chombo lazima nikichungulie. Ndiyo maana nilikuwa nazurura mjini Kilindoni kwenye mashine ya Dada Neema, mkemia kutoka bara. Mashine hiyo huyageuza mafuta kuwa mvuke na kuupitisha kwenye mrija mwembamba, ionekane kama yamechanganywa. Siku hiyo mashine ilijikokota, na mnunuzi alikuwa na ndege ya mchana. Bila majibu, angeyaacha mafuta.

"Kimbia nyumbani kwangu," Dada Neema akaniambia. "Niletee kolamu ya koti jembamba. Hii ya koti nene inachelewesha."

Mimi nikasikia kalamu. Juu ya bodaboda nikaielewa sayansi yote: koti nene linatia joto, na mtu akitoka jasho anaandika polepole. Nikachagua koti lake jepesi kuliko yote, nikachomeka kalamu mfukoni, nikarudi nimelinyanyua kama bendera.

"Sasa mtaona kasi," nikawatangazia mnunuzi na akina mama waliokuwa wakisubiri majibu.

Dada Neema akanitazama. "Kaka, kolamu ni huu mrija. Koti ni utando uliopakwa ndani yake. Ukiwa mwembamba, mvuke haukwami, unapita upesi. Rudi mbio."

Nikageuka. Bi Mwanaidi, mkubwa wa wale akina mama, akaniita.

"Mwanangu, hilo koti liache. Mashine isije ikashikwa na baridi."