Randa na Michi

Tu-ku, tu-ku: michi miwili ikipishana kinuni, mama na shangazi wakitwanga mahindi kijijini Kichiwa. Seremala mmoja wa Makambako alikulia katika mlio huo wa mama yake na shangazi yake, na hata leo randa yake huenda kwa mwendo uleule, huku akipiga mluzi wa nyimbo za kwaya. Muziki mwingine wote kwake ni kelele. Ndiyo maana Lightness, bintiye, aliogopa kumsikilizisha wimbo wake wa kwanza, aliourekodi Njombe.

"Baba, usinicheke lakini."

"Makelele yenu hayo? Haya, washa."

Ndani ya wimbo, chini ya sauti ya binti, ikasikika michi miwili ikipishana: tu-ku, tu-ku. Randa ikasimama, kisha ikaufuata wimbo hadi mwisho. Baba akapangusa vumbi la mbao machoni, akasema polepole mno, "Hebu rudisha mwanzo, mama."