Jinsi Tulivyochagua Kliki ya Mguu wa Papa Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na cheti cha fizikia, na karakana moja ya miguu ya bandia hapa Goma ilinichukua kwa hoja kwamba mtu wa fizikia hawezi kukosa kujua uzito unaangukia wapi. Mkuu wa karakana, ambaye wote tulimwita Shefu, alikuwa mtu wa Butembo mwenye mikono mipana kama majembe. Aliitazama tai, kisha akaitazama mashine ya kusugulia plastiki iliyokuwa ikizunguka nyuma yangu.

"Ile kamba inakufunga ama inakupamba?"

"Inanipamba, Shefu."

"Bon. Mashine itaipenda sana. Itoe."

Nikaitoa. Saa ileile akanipa somo la kwanza, na nyinyi mnaotaka kuingia katika kazi hii nawapa bure. Mguu wa bandia wa chini ya goti una kikombe kinachopokea kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Chini ya kikombe kuna bomba la chuma, na kwenye kifundo, pale bomba linapokutana na unyayo, kuna skrubu nne fupi zisizo na kichwa: mbele, nyuma na pembeni. Ukilegeza moja na kukaza ile inayoielekea, unyayo unainama. Ukifanya kinyume, unainuka. Kazi hiyo tuliita kupanga mguu. Mguu ukishapangwa vizuri, unatia gundi kwenye skrubu ili zisilegee tena, na mtu anakwenda nyumbani.

"Na mugonjwa hagusi visi," alisema Shefu. Skrubu yeye aliziita visi, kama Goma nzima.

"Juu ya nini?"

"Juu ni vile."

Nilikuwa sijawahi kukutana na jibu la namna hiyo. Chuoni, kuuliza kuliniletea alama nzuri. Karakanani kuliniletea ufagio. Kila swali la "juu ya nini", yaani kwa nini, lilimkumbusha Shefu kwamba sakafu ina unga wa plastiki. Katika miezi yangu ya mwanzo, sakafu ile ilikuwa safi kuliko ya hospitali.

Papa Bahati, maana huku kila mwanamume ni papa, yaani baba, alitufikia katika msimu ambao vita ilikuwa imejaza kambi zote za wakimbizi za upande wa Lac Vert. Alikuwa ametoka milima ya Masisi, ambako alikanyaga bomu lililofukiwa katika shamba lake mwenyewe la maharagwe. Tulimtengenezea mguu wa kushoto. Siku ya kuujaribu alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani bila gongo, akageuka, akarudi. Sote tukapiga makofi. Yeye peke yake hakufurahi.

"Iko nakuuma?" Shefu aliuliza.

"Hapana, Shefu. Inatembea muzuri. Lakini mimi si mutu wa kutembea. Mimi ni mutu wa chukudu."

Akatupeleka uani, ambako watoto wake walikuwa wameegesha chukudu yake. Kwa wasomaji wa mbali: chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu madogo na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Kupanda mlima unaisukuma. Kushuka unapiga goti moja juu ya ubao, na mlima wenyewe ndio injini. Breki ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, nacho unakikandamiza kwa ncha ya mguu ulio nyuma ya lile goti. Papa Bahati alipiga goti lake la kushoto, lililo zima. Mguu wetu ukatokea nyuma, unyayo umekunjika vizuri kabisa kwa ajili ya kutembea, ncha ikielea hewani mbele ya breki bila kuifikia.

"Munaona?" alisema. "Na kule kambini shemeji yangu ndiye anaiendesha. Anasema inapata faida kidogo. Lakini juzi nilimwona ameipakia pombe anapeleka kwa wazazi wa muchumba. Chukudu yangu inaoa, na mimi sikualikwa!"

Tukacheka, na yeye akacheka kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mke wake na watoto wanne wanakula kile shemeji anachokumbuka kuleta, na kwamba shemeji ana kumbukumbu mbaya.

Shefu alipiga magoti, akautoa ufunguo wake uliopinda kama herufi L, akashusha ncha ya mguu. Breki ikakamatika barabara. Lakini Papa Bahati aliposhuka na kutembea, alikuwa kama mtu anayepanda ngazi ambazo wengine hatuzioni. Shefu akarudisha. Akatembea vizuri, breki ikapotea.

"Chagua," Shefu alisema. "Utembee ama ufunge breki."

"Na nikifika chini ya mulima, Shefu, niishi juu ya chukudu?"

Hapo nikauliza kwa nini Papa Bahati asipange mguu wake mwenyewe, mara moja juu ya mlima na mara moja chini. Shefu akautafuta ufagio kwa macho. Niliongeza haraka kwamba skrubu mbili za pembeni zitabaki zilivyo, kwa hiyo mguu hauwezi kupotea. Kwamba tunaweza kuweka alama mbili za rangi, nyeupe ya kutembea na nyekundu ya breki. Na kwamba kinachokosekana ni chombo. Ule ufunguo wa L, katika ile nafasi finyu kati ya soksi na bomba, unauzungusha kidogo, unauchomoa, unauingiza tena, na kila ukiuingiza unakula pembe za skrubu.

Shefu aliziangalia tena zile skrubu nne. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga, na alimpenda Papa Bahati.

"Bon. Leta kliki. Juma moja. Kama haifai, naupanga muguu wa kutembea, natia gundi, maneno inaisha."

Kliki ni mpini wenye gurudumu dogo la meno ndani ya kichwa chake. Unapousukuma upande mmoja unazungusha skrubu, unapourudisha unarudi bure ukilia kli-kli-kli, bila kuuchomoa. Kichwani unachomeka ncha ya kuingia kwenye skrubu, au soketi, yaani kikombe kidogo cha chuma cha kushika nati. Papa Bahati aliposikia habari ya soketi macho yalimwaka, kwa sababu magurudumu ya chukudu yanashikwa na nati, na nati za barabara ya Goma hazijawahi kukaa mahali pamoja.

Nilikwenda Birere, kwenye duka la mama mmoja mnene aliyekaa katikati ya minyororo na makufuli kama mlinzi wa gereza. Akanitolea kliki tatu. Nikaanza kazi niliyoisomea.

"Hii ina meno mangapi, mama?"

"Meno?"

"Ndani. Na kichwa kina unene gani? Na hiki kitufe cha kugeuza upande, kinaweza kujigeuza ndani ya mfuko?"

"Papa," aliniambia, "unanunua chombo ama unaoa?"

Watu wote dukani walicheka. Kwa aibu nilikata shauri upesi, na kwa hoja niliyoiona kuwa ya kisayansi: meno makubwa hayavunjiki. Nikachukua ile yenye meno makubwa na mpini mrefu. Karakanani, mguu ukiwa juu ya meza na mashine zikinguruma, ilifanya kazi kama ndoto. Hata Shefu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Papa Bahati akaondoka nayo.

Jumapili alikuja kanisani moja kwa moja kutoka kwenye chukudu, mguu ukiwa bado kwenye alama nyekundu. Mimi nilikuwa mabenchi mawili nyuma yake. Ulipokaribia wakati wa kwenda kukomunika, kanisa likiwa kimya kabisa, alikumbuka kwamba hawezi kutembea mbele za Mungu kama mpanda ngazi. Akainama, akapandisha suruali, akaanza.

KRAK. KRAK. KRAK.

Msomaji, wale walikuwa watu wa kambi. Kila mmoja wao alijua chuma kinachosema vile kinasema nini kabla ya kusema tena. Kanisa zima lilikwenda chini. Wanakwaya walitoweka nyuma ya ngoma. Padri, aliyekuwa ameinua mikono, aliishusha pamoja na mwili wote. Na mimi niliyeichagua kliki ile, niliyejua idadi ya meno yake, nilikuwa chini ya benchi kama wengine, nimekumbatia kiatu cha mtu nisiyemfahamu.

Papa Bahati peke yake alibaki amekaa, kliki mkononi.

"Muniwie radhi!" alisema. "Si kitu! Ni muguu!"

Kutoka chini ya benchi la mbele sauti ya mama mmoja ikajibu: "Muguu gani unajaza risasi?"

Kesho yake padri alikuja karakanani. Alikuwa mpole. Alisema hana ugomvi na mguu, ila mzee mmoja wa kwaya bado hajakubali kutoka nyuma ya ngoma. Alipoondoka, Shefu aliiweka chupa ya gundi mezani, katikati yetu.

"Nilikuambia," alisema.

"Kuhusu kanisa hukuniambia chochote, Shefu."

Nilipewa ufagio. Lakini nikifagia niliiona gundi ile, na nikaelewa kwamba tone moja tu kwenye kila skrubu lingemkabidhi shemeji chukudu kwa maisha yake yote. Juma lilikuwa halijaisha. Nikauacha ufagio ukutani, nikarudi Birere.

"Muchumba amerudi," mama wa duka aliwaambia wateja wake. "Alikuwa anauliza meno. Leo utauliza nini?"

"Sauti, mama."

"Sauti!"

"Nataka kusikiliza zote ulizo nazo. Na watu wanyamaze."

Basi walinyamaza, kwa mshangao nadhani. Nilizizungusha moja baada ya nyingine karibu na sikio. Nilijifunza pale jambo ambalo lingekuwa wazi kama ningeacha kujiona mwerevu. Meno makubwa ni machache, na meno machache yanadai mpini uende mbali kabla haujashika; ndiyo maana pia kiwiko cha Papa Bahati kilimpiga jirani yake mbavuni kabla hata kanisa halijaanguka. Meno madogo ni mengi, yanashika kwa msogeo mdogo tu, na yanalia kidogo. Chini kabisa ya sanduku la mama wa duka ilikuwapo kliki fupi kama kidole, bapa kama kijiko, yenye sumaku ya kushika ncha na kipande cha kuunganisha soketi ndogo. Kitufe chake kilikuwa kigumu, hakijigeuzi ovyo. Niliizungusha. Ilikuwa kama mende anayetembea juu ya gazeti.

"Hiyo hakuna mutu anaitaka," alisema mama wa duka. "Ni fupi. Haina nguvu."

Kuhusu nguvu nilikuwa na wasiwasi mimi pia, mpaka Shefu alipoijaribu. Shefu alikuwa maarufu kwa kuharibu skrubu kwa kukaza kupita kiasi. Aliichomeka, akakunja ngumi kuizunguka, akakaza hadi mshipa wa shingo ukatokea. Skrubu ilikaa imara, na pembe zake zikabaki nzima.

"Mukono yangu haina pa kushika," alinung'unika.

"Ndiyo maana inafaa, Shefu. Mpini mfupi unakaza vya kutosha, hauwezi kuvunja."

Shefu aliinuka. Akaichukua gundi, akairudisha kabatini.

Siku iliyofuata tulisimama mimi na Shefu chini ya mteremko wa Kibumba. Papa Bahati alitokea juu, goti kwenye ubao, kabichi zikiwa zimerundikwa hadi kidevuni. Alikuja kasi. Shefu alinishika mkono, sijui kunilinda mimi au kujilinda yeye. Kisha tukasikia mpira ukilia juu ya gurudumu, na chukudu ikasimama mbele ya viatu vya Shefu. Papa Bahati akainama. Mende akatembea kidogo juu ya gazeti. Akashuka na kutembea kama mtu yeyote, akitafuta wateja. Jioni ile shemeji alianza kutafuta chukudu nyingine.

Nilifanya kazi pale miaka mingine kadhaa, kisha nikatumwa kufungua kituo kidogo karibu na Rumangabo. Mkuu wa huko, aliyeitwa Msimamizi, alikuwa na mihuri mitatu na skrubu hakuna hata moja, na sina mengi ya kumsema. Vita ilipopanda barabara ile, wafadhili walituandikia kwamba kituo kimefungwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Dada zangu wananiita mustaafu, nami nimelikubali jina, kwa sababu sijui neno jingine la mtu ambaye kazi yake imeondoka ilhali yeye bado ana nguvu.

Vijana huniuliza nilipata nini katika kazi ile. Chuoni walinifundisha kushuku kila kitu, na bado nashuku: wakuu, wafadhili, hata kliki za bei kubwa. Ila nilichelewa kujua kwamba kushuku kuna mahali pa kuishia, na mahali hapo pangu nilipaona siku ya kukimbia Rumangabo.

Barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro na mbuzi. Nilikuwa nimebeba sanduku la vifaa na miguu imenivimba. Juu ya mteremko wa Kibumba nilisikia mtu akiniita kwa jina la utani la msomi, "Profesere!" Alikuwa Papa Bahati. Mzigo wake siku hiyo ulikuwa bibi kizee mmoja asiyehusiana naye, sufuria tatu na mtoto wa mtu.

"Panda mbele," alisema.

Nilitazama mteremko, nikatazama mzigo.

"Papa, breki itakamata sisi wote?"

"Unaniuliza mimi?" alisema, akiinama kwenye kifundo. "Ile muguu ulipanga wewe."

Nilipanda. Sikuuliza zaidi. Tulishuka katikati ya ule umati, bibi akisali kwa sauti na sufuria zikigongana, na tulipofika chini, chukudu ilisimama pale Papa Bahati alipotaka isimame.