Bastola Iliyosafishwa kwa Mafuta Taa

Leo asubuhi niliondoka Dagoretti Corner na begi moja, ndoo yangu na godoro mgongoni, bila kujua ninakoelekea. Mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, ajuza wa kanisa ambaye sisi wapangaji tulimwita shosho, yaani nyanya, alisimama langoni hadi nikavuka barabara.

Yote yalianzia kwenye paa la chumba changu lililovuja. Nilipanda juu ya ndoo, nikasukuma ubao wa dari, nikashika bastola iliyofungwa kwa fulana. Nadhani iliachwa na mpangaji aliyenitangulia. Nikamwita shosho, tukakubaliana kuipeleka polisi.

Niliacha shule mapema, lakini husoma chochote kinachonipitia. Siku moja kwenye saiba, duka la intaneti, nilisoma mkataba wa mataifa dhidi ya magenge yanayolangua silaha. Unataka kila bunduki ipigwe nambari kiwandani, na tena inapoingizwa nchini, ili ikikamatwa popote, nchi moja iulize nyingine ilitoka wapi. Nambari ya bastola hii ilikuwa imesuguliwa kwa tupa. Nikatumaini angalau alama za vidole zitasaidia.

Nilienda kubadilisha shati. Niliporudi, shosho alikuwa ameshaisugua kwa mafuta taa na brashi ya viatu, inang'aa. Kwake, kitu kichafu hakiingizwi ofisi ya serikali.

Kituoni afande aliigeuza, akainusa.

"Shosho, hii mlikuwa mnaipeleka harusini?"

Wenzake wakacheka. Nikauliza kama wangejaribu kuisoma ile nambari, kama kuna nchi ingeulizwa. Kicheko kikaisha.

"Wewe umejuaje nambari hufutwa?"

Nikamweleza kuhusu mkataba. Akataka kujua kazi yangu, nikasema vibarua. Kuanzia hapo maswali yote yakawa juu yangu: nilikotoka, mbona nahamahama, nani ananijua. Walikuja kupekua chumba changu, wakarudi tena. Kuhusu mpangaji aliyenitangulia waliuliza mara moja tu. Shosho hakukumbuka hata alikohamia. Wapangaji wengine wakaacha kunisalimia.

Jana jioni shosho alinijia mlangoni.

"Kijana, hujanikosea. Lakini wewe nyumba ikishika moto, unauliza kiberiti kilitengenezwa wapi. Tafuta kwingine."

Njia nzima ya Ngong Road nilikuwa nikimjibu kichwani. Kuna mtu alivusha chuma hicho mpakani, mwingine akakisugua nambari, mwingine akakificha, na hakuna aliyehamishwa isipokuwa mimi niliyekipata.

Mchana nilijikuta Kileleshwa. Mlinzi mmoja alinielekeza kwa mzee wa Kisikh aliyekuwa na chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba, kitupu. Alinionyesha bomba na choo, akaniambia hapendi kelele. Kisha akauliza kama nina swali.

Nilikuwa nalo. Nilitaka kujua nani alilala humo kabla yangu. Nikamwambia sina.

Alipoondoka nikafunga mlango, nikaipindua ndoo, nikapanda. Ubao wa dari ulikuwa umepigiliwa misumari. Nikabaki nimeinua mikono, nikitafuta upande uliolegea.