Migomba ya Jana

Pale palipokuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, hapa Kasese, sasa kuna ukumbi wa utamaduni na burudani, wenye jukwaa, taa za rangi na vigae vya kuteleza. Zamani palepale ng'ombe walishindanishwa, na mimi na wenzangu tulipiga endara, marimba yetu ya mbao. Nilikaa vumbini upande wa mbao kubwa. Upande ule ulikuwa wangu.

Siku ya kufungua ukumbi, kikundi kikamweka hapo shemeji yangu wa Bwera, mdogo wa mke wangu. Mimi niliyemfundisha kushika vijiti nikapewa kiti cha plastiki safu ya nyuma. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Haya, nilikonda. Nilichukia hata shati lake.

Endara hulazwa juu ya migomba miwili iliyokatwa asubuhi hiyohiyo, ingali na maji. Shemeji, kwa hofu ya kuchelewa, alikata yake jana yake huko Bwera, ikaja ikipigwa jua juu ya gari hadi ikanyauka. Walipoanza kupiga, mbao zililia ko, ko, kama mtu anabisha mlango wa choo. Watu wakaanza kupiga soga. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mke wangu akaniuliza, "Baba, unasikia?"

"Nasikia vizuri sana."

"Mdogo wangu anaaibika, na wewe unacheka."

Nikajifanya kiziwi kidogo. Lakini ule ubao mkubwa niliuchonga mwenyewe Kyarumba, kule milimani, nikaubeba kichwani mteremko mzima. Sikuweza kukaa nikiusikia unatukanwa. Nikatoka, nikaomba panga kwa mwenye shamba nyuma ya ukuta, nikarudi na migomba miwili inayochuruzika maji juu ya vigae vyao vipya.

Shemeji akaninong'oneza, "Aksanti, shemeji. Nilijua iko mubaya, nikaogopa kukuita."

"Ungeogopa kukata jana."

Tukapanga upya. Kwetu, aliyelaza migomba ndiye hujaribu ubao wa kwanza. Nikaupiga ule mkubwa mara moja. Ukumbi wote ukanyamaza. Nikaketi vizuri, nikanyoosha mkono kuchukua kijiti cha pili.

"Asante, mzee," akasema mshika maikrofoni. "Sasa shuka, wapigaji waanze."

Nikashuka. Makofi yalipolipuka nyuma yangu yalikuwa ya shemeji, juu ya migomba yangu.