Kiflemi cha Zizini

Kaka yangu Kipkurui anajua Kiflemi, ile lugha ya Wabelgiji. Sisemi hivyo kwa kujivunia. Alijifunza zizini huko Kimulot, alipokamua ng'ombe wa misheni miaka kumi na sita chini ya Bruda Yozefu, mzee aliyetoka kijiji cha Ubelgiji kilicho mpakani kabisa na Ufaransa. Bruda hakupenda kuongea na watu. Aliongea na ng'ombe, na Kipkurui akadaka kila neno.

Akaringa nayo hadi tukachoka. Mwaka juzi injinia mmoja Mbelgiji, mtu wa Antwerpen, alipita sokoni Silibwet. Kaka akapangusa mdomo, akamwendea, akamwaga Kiflemi. Injinia akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa Kiingereza hiyo ni lugha gani ya Kenya. Soko zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sijutii.

"Huyo hajui lugha ya kwao," Kipkurui akasema.

Basi binti yake Winny, ambaye ni nesi, akaleta mchumba: Bram, Mbelgiji. Siku ya koito, kile kikao chetu cha familia mbili kukubaliana kuhusu ndoa, ilipokaribia, msichana alinijia mimi shangazi yake akilia.

"Senge, ongea na Baba. Akianza hiyo Kiflemi yake mbele ya wakwe, nitaweka uso wapi?"

Nikaenda kumwapisha kaka. Kiswahili tu. Akaapa huku amenuna.

Wageni walikuja wanne: Bram, baba yake wa Antwerpen, mama yake Mholanzi, na mjomba wa baba, mzee Gaston, mfugaji wa kule mpakani, upande wa Ufaransa. Bram alitueleza kwamba wote wanaongea lugha moja. Moja! Baba na mama walikuwa wakiulizana kila jambo mara mbili. Mzee Gaston ndiye hakueleweka kabisa; akisema kitu, wanatabasamu na kumwongezea chai. Nikawakumbuka binamu zetu Wasebei wa Uganda, ambao tunaelewana nao salamu na mambo ya ng'ombe, halafu basi.

Katikati ya maombi mzee akaanza kunung'unika, akionyesha dirishani. Watu wake wakatabasamu. Akapaza sauti. Wakammiminia chai. Nikamtazama kaka: ameuma midomo, jasho linamtiririka. Ghafla akaruka kama aliyeumwa na siafu, akamjibu mzee kwa Kiflemi, na wote wawili wakatoka mbio. Winny akajifunika uso.

Kumbe ng'ombe wa kaka alikuwa anazaa, na ndama ametanguliza miguu ya nyuma. Mzee Gaston alikuwa ameona tangu tulipoketi.

Koito bila baba wa msichana haisongi. Tulikaa saa nzima tukitazama ugali ukipoa. Nilikasirika hata nikashindwa kumsalimia mama Mholanzi tena. Hatimaye wakarudi, mavi ya ng'ombe hadi viwikoni, ndama yu hai, wanaongea wote kwa pamoja.

Kwetu, mkubwa wa umri upande wa kijana ndiye husema wamefuata nini. Mzee Gaston akasimama, akaongea kwa muda mrefu. Bram na wazazi wake wakatugeukia sisi ili tuwaambie amesema nini. Kipkurui akatafsiri kwa maneno aliyokuwa nayo, yaani ya zizini.

"Anasema huyu msichana ni mzima. Miguu yake ni mizuri. Anakula vizuri na hapigi teke."

Nikaangua kicheko. Wazee wetu walikuwa wakiitikia kwa vichwa, maana kwao hayo ni maneno ya maana.

"Anasema wakimpeleka, hatalala kwa baridi. Akiumwa watakaa na yeye mpaka asimame. Na hawatamuuza."

Kicheko kikaniishia. Winny akaondoa mikono usoni.

"Baba," akasema, "mwambie asante."

Kaka akakwama. Bruda Yozefu hakuwahi kumwambia mtu asante. Akafikiri, kisha akamshika mzee shingoni na kumwambia polepole maneno ambayo Bruda alimwambia ng'ombe akishamaliza kumkamua. Mzee Gaston akatokwa na machozi palepale mbele ya wakwe. Akasema kitu kifupi.

"Amesema nini?" Bram akamuuliza kaka.

Kipkurui alijipangusa macho kwa mkono uleule mchafu.

"Anasema tangu mke wake afe, zizi lake liko kimya."