Brashi ya badger niliyomchagulia mzee wangu Nanyuki, na vile mama mkwe aliipinga

Wakuu, nawasalimu wote, wenye ndevu na wasio nazo. Mimi ni cucu, yaani bibi mzee, wa Nyeri, shule niliachia chini, kwa hivyo msinisahihishe Kiswahili. Haya niliyaona na macho yangu.

Naona vijana mnauliza brashi gani ya kunyolea ni nzuri na haiumizi mfuko. Ngojeni.

Miaka ya sabini mzee wangu, Baba Wanjiru, alikuwa waiter kwa hoteli kubwa hapa Nyeri. Alikuwa anajipaka sabuni ya kufulia na kiganja, anapitisha wembe. Shingo ikajaa vipele, kola nyeupe ikawa na damu kila siku.

Supervisor akamwambia, "Wageni hawawezi kula wakiangalia hiyo shingo. Mwisho wa mwezi isipopona, tafuta kazi ingine."

Na hiyo kazi ndiyo ilikuwa inatulisha.

Nikapeleka viazi Nanyuki. Kulikuwa na duka la mzee mmoja Msomali, mtu wa swala. Alikuwa amenunua vitu vya mzungu aliyeuza shamba Timau, na ndani brashi tatu mpya kwa boksi.

Moja ya manyoya ya nguruwe. Hiyo aliisukuma na rula. "Hii ujishikie mwenyewe, mama."

Mbili za badger, mnyama wa ng'ambo anayefanana na nyegere. Moja ncha nyeupe kabisa, bei ya mbuzi. Ingine ya kijivu, bei ya kuku.

Mimi ni msuka viondo, vile vikapu vya kamba. Nyuzi nazijua. Nikaomba maji, nikalowesha zote, nikazungusha kwa shavu langu hapo dukani, watu wakicheka.

Ya nguruwe ilidunga. Ya kijivu ilikuwa laini, ilishika maji ikayaachilia polepole. Nikaivuta, hakuna unywele ulitoka.

"Chukua hiyo," mzee akasema. "Ile nyeupe ni ya kuonyesha majirani."

Mwenye duka anakukataza kitu ya bei! Huyo mtu namheshimu mpaka leo.

Nyumbani mama mkwe akaruka. "Mama Wanjiru, ati mtoto wangu apakwe mkia ya mnyama kwa uso? Akianza kuchimba mashimo shambani usiniite!"

Baba Wanjiru akaketi mbele ya kioo. Maji moto, brashi, povu likasimama kama maziwa yametoka kukamuliwa. Wembe ukateleza. Siku zikienda, vipele vikakauka.

Sasa asubuhi ya kukaguliwa, brashi haipo! Tukapindua nyumba yote.

Nikazunguka nyuma ya ghala. Mama mkwe amekaa kwa kigoda, kichwa chote povu, ananyoa nywele vile wamama wa zamani walikuwa wananyoa.

"Maitu! Mama!"

"Ni nini? Huyu mnyama hana makosa. Ngoja nimalize hapa kwa sikio."

Baba Wanjiru alinyoa mbio, akakimbia kazini. Supervisor akaangalia shingo, akamwambia aende apange meza. Alipanga meza hapo mpaka akazeeka.

Siku ya viazi iliyofuata, yule mzee wa Nanyuki akaniuliza, "Imeharibika?"

"Hapana. Leta ingine kama hiyo. Mama mkwe amekataa kurudisha."

Vijana, msinunue na macho. Lowesha, weka kwa shavu, vuta. Ukimaliza ikung'ute, uikaushe kwa hewa, si karibu na moto.

Na wewe, yako ulichagua vipi? Sema ukweli. Niko na miwani, nasoma yote.